Wimbo wa Editha Mezani

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni ndiyo siku mambo yalipomharibikia Yeremia. Ilikuwa arobaini ya mkewe, Editha. Wanawake wanachambua mchele uani, ukungu bado umelalia kabichi, mara lori likapanda mlima kutoka Morogoro, limekuja kuchukua piano ya masista.

Piano hiyo aliipiga Sista Zenebech, Mhabeshi, ambaye kijiji kizima kilimwita Sista Zena. Alijifunza utotoni kwao Dessie, akaingia utawa, akaletwa huku Uluguru angali msichana, akazeekea hapa hapa. Hakuwa mtu wa maneno. Mtoto akizaliwa alitunga wimbo, mtu akifa alitunga. Editha alikuwa mpishi wa masista, na akichambua maharage alikuwa akiimba mdomo kaufunga, wimbo wake mwenyewe usio na maneno. Alipofariki, Sista aliuchukua ule ule, akaujengea mwingine juu yake.

Yeremia aliusikia kipande tu, dirishani, siku ya mazishi. Sauti ya mkewe ilikuwa mle ndani. Sista akamwahidi kumpigia wimbo wote siku ya arobaini.

Kosa lake ni kuomba ruhusa. Shule yake iliishia darasa la tatu, lakini adabu ya kuheshimu wakubwa aliishika. Akaenda kwa Mama Mkuu, Sista Filomena, kofia mkononi, akaomba piano isogezwe barazani watu wa msiba wasikie. Mama Mkuu akapiga simu mjini. Wakubwa wa huko walikuwa wamesahau hata kama mlimani kuna piano. Walipokumbushwa, wakaona itafaa ukumbi wa wageni wao. Na Sista Zena, kwa kuwa kazeeka, arudishwe kwao.

Dereva, Mwinshehe, aliwaona vijana wanavyohema chini ya mzigo, akatania, "Jeneza gani hili halina msiba?"

Vijana wakamkonyeza. Akageuka, akaona kanga za wafiwa.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe, mimi nimetumwa tu."

Yeremia hakuitikia marahaba.

"Wote mmetumwa," alisema. "Aliyewatuma ndiye simwoni."

Lori lilipoteremka, alimfuata Sista jikoni kwa masista. Begi lake la safari lilikwishafungwa. Yeremia akamwomba basi amwimbie, japo kidogo.

"Koo limenikauka, Yeremia. Nimebaki na vidole tu."

Angemwandikia wimbo huo karatasini, lakini nani huku juu angeusoma? Sista akakaa kwenye meza ambayo Editha alikatia mboga miaka yote, akaweka mikono juu yake, akaanza kupiga. Vidole vikatembea, vikasita, vikakimbia. Yeremia akalaza sikio juu ya mbao. Alisikia kucha zikigonga, basi. Akainua uso, akamwona Sista kafumba macho, machozi yanamtiririka. Yeye alikuwa anausikia wote.

Vidole vikapunguza mwendo, vikatulia.

"Sista," Yeremia akauliza polepole, "pale vilipokimbia, Editha alikuwa anacheka?"