Vidonge vya Futi

Baba yangu alikuwa anaongea na misumari mdomoni, na sisi wa karakanani ndio pekee tuliomwelewa. Fundi makochi wa enzi zake hana mkono wa ziada. Wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia umeshika nyundo, kwa hiyo misumari midogo inakaa katikati ya midomo na ulimi unaisukuma nje mmoja mmoja. Wateja walidhani mzee ana kigugumizi. Mimi, ninayeshona makava kwenye cherehani pale mlangoni, nilikuwa mkalimani wake. "Anasema njoo Ijumaa," nawaambia, naye ananitolea macho, maana alikuwa amesema wiki ijayo.

Naanza na misumari kwa sababu ndiyo iliyotudanganya. Mtu anayeshika misumari mdomoni siku nzima hutema damu mara mojamoja, na kwetu hilo halikuwa jambo. Baba alitema, akafuta midomo kwa kipande cha kitambaa, akaendelea kugonga. Aliyeshtuka alichekwa.

Kisha mguu wake ukavimba. Akajikaza kisabuni, akasema ni uchovu, mpaka siku aliposhindwa kumaliza ngazi za kwake mwenyewe kwa kukosa pumzi. Hospitali wakakuta bonge la damu lililoanzia mguuni limepanda hadi kwenye mapafu. Walimwokoa, wakamrudisha nyumbani na dawa ya kuzuia damu isigande, ya kumeza kila jioni saa ileile, na ahadi ya kurudi kliniki kupimwa damu.

Nesi wa kliniki alikuwa mama mwenye sauti nzito, asiye na masihara. Alitukalisha wote wawili.

"Mzee, dawa hii inakulinda, lakini ina wivu. Usimeze dawa yoyote ya maumivu bila kutuuliza, hata ile unayoiona ya kawaida. Mitishamba pia. Ukisahau kidonge, usimeze viwili kesho yake eti unafidia. Fizi zikitoa damu, ukiona michubuko hujui imetoka wapi, choo kikiwa cheusi, ukigonga kichwa hata kama hakiumi, njoo hapa. Usisubiri siku ya kliniki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, rudia."

Baba akarudia yote, mikono magotini, kama mtoto aliyekariri shairi. Hakuacha hata neno.

Tulipofika getini akanishika mkono. "Karakanani usiseme kitu. Wakiuliza nilikuwa wapi, nilikwenda kijijini."

"Kwa nini, Baba?"

"Fundi akishaitwa mgonjwa, watu wanaanza kumshikia nyundo."

"Hata ba'mdogo Futi?"

"Huyo ndiye wa kwanza! Atanikalisha kwenye kochi kama mteja."

Nikakubali. Nilijiambia namheshimu baba yangu. Nikikumbuka sasa naona hasira zinanipanda, kwake na kwangu, maana siri yenyewe haikuwa na kazi yoyote ila kumpamba mzee mbele ya watu waliompenda hivyohivyo.

Futi alikuwa seremala wetu, mtengeneza fremu. Jina lilitokana na futi ya chuma aliyoichomeka mfuko wa nyuma, ambayo aliitumia kupimia hata mkate kabla ya kuukata. Hakuwa na undugu wa damu na sisi, lakini yeye na Baba walikuwa chanda na pete, na mimi nilimwita ba'mdogo tangu sijaota meno. Ubaya wake ulikuwa mmoja: huruma. Ukipiga chafya mbele yake, kesho anakuletea dawa.

Baridi ilipoingia, magoti ya Baba yakaanza kumtesa. Kazi ya makochi ni ya kupiga magoti, na kila alipoinuka alitoa mlio ambao karakana nzima iliusikia. Futi hakuweza kuuvumilia. Akanunua dukani vidonge vya maumivu, vile vikali, akamwekea Baba kimoja kando ya kikombe cha chai. "Meza hiki, kaka. Mimi vilinitoa kitandani." Asubuhi iliyofuata akamwekea kingine. Ikawa desturi. Haya niliyajua baadaye, kwa sababu saa hiyo ya chai mimi huwa nimeenda kutafuta nyuzi na zipu. Nilichoona ni kwamba mzee anainuka bila kulia, nikadhani ni dawa ya hospitali inafanya kazi. Nikafurahi, mjinga mimi.

Siku moja nikaona matone ya damu kwenye kitambaa cha mteja, kile cha rangi ya maziwa.

"Baba, hii nini?"

Akaitoa misumari mdomoni. "Msumari umenichoma."

"Nesi alisema fizi zikitoa damu..."

"Nimeshika misumari kabla hujazaliwa. Fizi naijua na msumari naujua."

Nikakimbilia maji baridi, nikasugua kile kitambaa kabla doa halijashika. Nilikazana kweli, na kikatakata. Mteja hakujua chochote, na mdomo wa baba yangu sikuutazama tena.

Hata wiki haikuisha. Asubuhi alitoka chooni ameshika ukuta, uso umepauka. Akaniita karibu, akanong'ona kwa aibu kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Kabla sijajibu akaanguka juu ya kochi lisilo na sponji. Futi alimbeba mikononi mpaka kwenye gari, huku akimgombeza: "Umekuwa mzito, kaka, nani anakulisha?"

Daktari alikuwa kijana, mwenye haraka na heshima. Nilimpa jina la dawa ya jioni. Akainama kitandani.

"Mzee, kuna dawa nyingine yoyote unatumia?"

Baba alimtazama Futi aliyesimama miguuni pa kitanda. "Hakuna."

"Fikiria vizuri. Hata ya maumivu? Kama ipo, inaweza kuwa ndiyo inayokutoa damu tumboni. Na damu yako haigandi."

"Haigandi kwa nini?" Futi akauliza.

Nikamwambia mimi, pale pale, mbele ya wagonjwa wa watu. Siri ya miezi yote ile ikaisha kwa maneno machache. Futi alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa pakiti ya vidonge iliyokaribia kuisha.

"Daktari, anameza hivi. Nampa mimi."

"Futi, nyamaza," Baba akasema, akafumba macho.

Walimtundikia damu, wakamchoma sindano za kuirudisha ile yake igande, wakafanya yote wanayofanya. Lakini nyingi ilikuwa imeshavuja ndani kwa ndani, taratibu, huku sisi tukichekeana karakanani. Kesho yake, jua likiwa la utosi, baba yangu akatutoka.

Baada ya mazishi Futi hakuja kazini muda mrefu. Nikaambiwa hali, halali, amekonda. Nilijua kinachomla. Nami nilikuwa na neno la kumponya, nikawa nangoja tu aje aliulize.

Akaja. Nilikuwa peke yangu, nafungua kava nililokosea kushona. Alikaa kwenye benchi, mikono imening'inia katikati ya magoti.

"Mwanangu, nina swali, usinifiche. Alijua?"

"Kujua nini, ba'mdogo?"

"Kwamba vile vidonge haviendi na dawa yake."

Nikamsogelea, nikachuchumaa mbele yake. "Alijua. Nesi alimwambia, nikiwepo, na akarudia neno kwa neno. Wewe hukujua, yeye alijua. Usijibebeshe. Si kosa lako."

Nilitegemea ashushe pumzi. Badala yake akawa anageuza viganja vyake na kuvitazama.

"Kwa hiyo kila asubuhi nikimpa, alijua."

"Ndiyo."

"Na akameza. Mbele yangu. Ili nisijue kuwa anaumwa." Machozi yakaanza kumtiririka, hakuyafuta. "Mimi huyu, aliniona nani? Angesema tu. Ningembeba mgongoni kila siku, nimlete kazini, nimrudishe."

Nikamwambia Baba alikuwa hivyohivyo, kichwa kigumu, asingemwambia mtu yeyote. Maneno yalinitoka mengi na hayakuwa na maana. Akaniacha niyamalize.

"Ungeniambia hakujua, mwanangu," akasema. "Hilo ningeliweza."