Sidii ya Miaka Elfu

Mwanawetu alianza kufunga sidii kwenye kamba upande wa njia, maana ndege wa Ruaruke huingia shambani kutokea huko. Zilikuwa sidii za filamu za zamani. Alizinunua kwa Ukasha, aliyekuwa na kibanda cha video Kibiti, nyuma ya stendi. Siku hizi watu wanaingiza filamu kwenye simu, na Ukasha anauza sidii zake kwa mafungu, kama dagaa, kwa wenye mpunga. Jua likizipiga zinametameta na kweleakwelea wanaogopa kutua.

Moja ilikuwa kambani tangu msimu uliopita. Hiyo ilikuwa nyeusi, nzito kidogo, na ukiigeuza ina rangi za mafuta ya taa juu ya maji. Ukasha alimpa kama nyongeza. Alisema aliachiwa na msafiri wa Lindi siku basi lilipoharibika, naye akamweleza kwamba sidii hazijafa, zinarudi, na zitakaporudi zitakuwa hizi. Ndani yake kuna tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyosukumwa na mtu anayejua, na kila tabaka linabeba. Filamu zote za Kibiti zinaingia na nafasi inabaki. Haiozi, haili kutu, inakaa miaka elfu. Mashine ya kuisomea Ukasha hakuwa nayo, wala hakumjua aliye nayo, basi akaona bora ikatishe ndege.

Msimu huo ndio Saadi, mume wa Mwanawetu, alichukuliwa. Alikuwa juu ya dungu, kichanja cha kulindia mpunga, akiamia ndege, na Mwanawetu amempeleka mtoto hospitali Mchukwi. Aliporudi alikuta ndala za mumewe chini ya ngazi na mpunga umeliwa. Hakuna aliyeona kitu. Alikwenda kuuliza kila panapoulizwa, akaambiwa akakae nyumbani asubiri. Kukaa eda hakuweza, maana hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mjane. Alichotaka ni kuambiwa mahali alipo Saadi. Akiwa hai amfuate, akiwa maiti azikwe.

Mvua zikanyesha, maji yakajaa bondeni, akalima tena, maana mtoto anakula. Asubuhi moja jua lilipotoka, ile sidii nyeusi ikatupa mwanga wake kwenye kidimbwi, pale mpunga ulipokataa kuota. Kwenye mwanga huo watu walikuwa wanapita njiani. Mwanawetu akageuka kutazama njia, haikuwa na mtu. Kumbe ni watu wa mwaka jana. Alimwona jirani yake Zamda na mimba ambayo sasa ni mtoto anayetambaa. Sidii ilikuwa imeshika kila kilichopita mbele yake, na sasa ilikuwa inatoa tabaka moja kila asubuhi. Jua likishapanda, inazimika.

Ndege walijipanga kwenye kamba wakatazama. Hawakula. Zamda akaja kulalamika.

"Niazime na mie, shoga. Sidii zangu ndege wanajipodolea."

Mwanawetu akamwambia asubiri kidogo, kuna mtu anamtafuta humo.

Akakaa anangoja, asubuhi baada ya asubuhi. Alimwona Saadi anakata fito. Alimwona anajikuna mgongo kwenye nguzo ya dungu, na siku hiyo Mwanawetu alichelewa kubandika uji. Kisha likaja tabaka la siku yenyewe. Gari jeupe lisilo na namba lilisimama kule kwenye tuta. Wanaume wakashuka wakafuata njia, na mbele yao alikuwa Mzee Mshamu, mwenyekiti wa kitongoji, ananyoosha kidole kwenye dungu. Saadi akashuka mwenyewe. Akawapa mkono kama mtu anayepokea wageni. Wakaushika ule mkono, wakaufunga na wa pili.

Kesho yake likarudi tabaka lilelile, na keshokutwa vilevile. Sidii ilikuwa imekwama hapo, kama zinavyokwama sidii nyingine.

Mwanawetu akaenda kumwita Mzee Mshamu. Mzee akaja, akachuchumaa, akatazama mpaka mwisho.

"Ndiyo mimi," akasema. "Shati lile nililinunua Ikwiriri."

Akamgeukia Mwanawetu.

"Waliniuliza dungu la Saadi ni lipi, mwanangu. Na mimi nina wanangu."

"Walimpeleka wapi, baba?"

"Mimi niliwaonyesha dungu. Walikokwenda hawakunionyesha."

Akaaga vizuri. Alipoondoka alikizunguka kidimbwi, asije akajikanyaga.

Mwanawetu akaifunga sidii kwenye khanga, akapanda bodaboda alfajiri mpaka Kibiti, kwenye ofisi aliyokwisha kwenda mara nyingi. Kijana wa mezani alimpa kiti. Akasema kompyuta za siku hizi hazina mahali pa kuingiza sidii, alete kwenye flashi. Mwanawetu akaomba pazia lifunguliwe. Akaishika sidii mbele ya jua, na Saadi akashuka kwenye dungu ukutani, juu ya kalenda. Waliokuwa wanakunywa chai wakatazama. Mmoja akasema lile gari analifahamu. Mwenzake akamwangalia, naye akarudi kwenye chai yake.

Kijana akauliza kama hii kitu inaharibika upesi. Mwanawetu akamwambia alivyosema Ukasha, kwamba inakaa miaka elfu.

"Basi hakuna haraka, dada yangu," akasema kijana. "Ingekuwa inaoza tungekimbizana nayo."

Akaifuta kwa leso, akamrudishia.

Mwanawetu akaifunga tena kambani, maana mpunga ulikuwa unaiva. Mama mkwe akaja na mkeka, akamtazama mwanawe anavyofungwa, akauliza kama sasa wanaweza kumsomea hitima. Wakamwita shehe. Shehe akasimama ukingoni mwa maji mpaka picha ilipozimika, akasema mtu huyu anatembea kwa miguu yake, na mtu anayetembea hasaliwi. Mama mkwe akakunja mkeka.

Mwaka huo Mwanawetu alivuna vizuri kuliko wote. Zamda aliacha kuomba kuazimwa. Wenye kupita njia ile walianza kupita mapema zaidi, kabla jua halijatoka, na waliochelewa walitazama miguu yao.

Maji yakakauka. Picha ikahamia kwenye udongo, na mabua ya ukingoni yakawa yanaukata uso wa Saadi vipandevipande. Mwanawetu akayang'oa. Kila asubuhi anakwenda na ufagio, anafagia pale mpaka panakuwa laini, kisha anasimama. Saadi anashuka. Na wale wanaume wanapofika, Mwanawetu anasogea pembeni anawapisha, maana njia ni nyembamba.