Kamera Isiyosikia

Tharwat, mwenye maduka ya vitambaa, alimpa Sitt Bahiga, bibi aliyewafunza wauzaji wake, bahasha ya pesa na agizo: anunue kamera ya bei nafuu, ajirekodi akifundisha, kisha apumzike. Wauzaji wapya, wa Iskandaria na wa Tanta, wangemtazama kwenye simu zao.

Apumzike. Neno hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki. Tangu amzike mumewe, mazungumzo yote ya maana aliyobaki nayo yalikuwa ya Jumatatu asubuhi, mabinti wapya wakimzunguka ghorofani juu ya duka, wakikunja satini ovyo na kummalizia bajia zake za taamiya. Nyumbani alizungumza na jokofu, na jokofu lenyewe lina kiburi.

Basi akapanga hila. Kamera ikiwa mbovu, video zitakuwa mbovu, na Tharwat, atake asitake, atamrudishia mabinti wake.

Akaenda kwa Amm Wadii, mzee muuza kamera wa karibu na Kituo cha Ramli.

"Nionyeshe ya bei rahisi, isiyosikia vizuri."

Wadii akavua miwani. "Watu huja wakitaka inayosikia, Sitt."

"Mimi si watu."

"Hilo nimeliona tangu mlangoni." Akaweka mbili juu ya kaunta. "Hii ndogo ina picha tamu, lakini inaokota sauti ya karibu tu, na haina tundu la maikrofoni. Inafaa kwa harusi ya adui yako. Hii nyingine imetumika kidogo, picha yake ya kawaida, ila tundu inalo. Ukichomeka maikrofoni hii, hata panya wa jirani utamsikia. Kwa mafunzo, chukua hii."

"Nipe ya adui."

"Ijaribu kwanza." Akaiwasha, akajiondokea mpaka mwisho wa duka.

Bahiga akajiweka sawa. Somo lake la kwanza halijabadilika miaka yote: usitaje bei kabla salamu haijajibiwa.

"Asubuhi ya heri, binti yangu," akaiambia kamera. Akanyamaza. Akangoja. Hakuweza kuendelea; angeendeleaje, na salamu yake imeachwa ikining'inia?

Wadii akamwonea huruma. "Asubuhi ya nuru, Sitt."

"Asubuhi ya asumini," akamzidishia, kama ilivyo desturi ya salamu.

"Asubuhi ya malai na asali."

"Unazidisha, mzee. Mkeo akisikia?"

"Mke wangu yuko Kanada na wajukuu. Hasikii kitu."

Wakacheka, kisha kila mmoja akatazama pembeni kidogo.

Walipoicheza picha, sauti ya Bahiga ilikuwepo. Ya Wadii imepotea. Palikuwa na bibi mmoja mwenye rangi ya mdomo, anasalimia, anangoja, anaikemea hewa, anacheka peke yake. Picha tamu kweli, kila mkunjo ulionekana. Hivi ndivyo mabinti wangemwona, kikongwe anayepiga soga na ukuta.

"Zima," alisema. "Nifungie ile yenye tundu."

Wadii aliifunga taratibu kuliko ilivyohitajika. "Ikiharibika, njoo unisumbue."

"Na isipoharibika?"

"Njoo ulalamike vilevile."

Asubuhi iliyofuata aliiweka kamera juu ya meza, mbele ya jokofu, akajipaka rangi ya mdomo.

"Asubuhi ya heri, binti yangu."

Akaacha nafasi ya kutosha, binti aliyeko Tanta apate kujibu. Jokofu likanguruma, na maikrofoni ikalinasa lote. Akafundisha kukunja satini, kupima dhiraa bila kumpunja mtu, kumsifu mteja bila kumdanganya sana. Akazima, akakaa na chai yake kuangalia alichofanya.

Katika kioo kidogo cha kamera yule mwanamke alimsalimia, akanyamaza, akamngoja kwa adabu.

"Asubuhi ya nuru," Bahiga akajibu, kabla hajajizuia.

Akatazama mlangoni kama kuna aliyemsikia. Kisha akairudisha video nyuma, wasalimiane tena.