Mawe Yanayooshwa Asubuhi

Mtaa huu wa soko ulianza na nani? Profesa alikuwa ameliandika swali hilo kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa kazi ya Hadassa, na kurasa sitini zilizofuata hazikulijibu. Zilijaa majina ya wenye maduka, aliyoyanakili kutoka kwenye kuta kuukuu za katikati ya Likasi. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuiwasilisha. Aliyechelewa angesubiri diploma mwaka mzima.

Jumatano alfajiri alikuja na mwenzake Cédrick kupiga kwa simu picha iliyobaki. Mawe ya kijivu yaliyopangwa mbele ya baraza yaliharibu picha. Hadassa akabeba manne, akayarundika pembeni kama kifusi.

“Njo weye umetosha libwe yangu?” aliuliza Mama Philomène, muuza samaki wa ziwa Tshangalele, beseni kichwani, akionyesha pengo lililoachwa na jiwe lake.

“Samahani, mama. Nilizani ni mabwe ya bure.”

“Ya bure. Umebebesha nkambo yangu, bibi yangu, juu ya mama ya Josée wa hapa pembeni, na bale bamama hata mu uzima habakusikilizana.”

Wauzaji waliokuwa wakifika waliangua kicheko, na Cédrick pamoja nao.

“Na weye wa simu, unacheka nini? Beba.”

Mawe yakarudi mahali pake. Ndipo kila mwanamke akamimina kikombe cha maji juu ya jiwe lake, mbele ya nafasi yake ya kuuzia. Vumbi likatiririka, na kijani cha madini ya shaba kikajitokeza, jiwe baada ya jiwe, hadi kwenye kona. Hadassa alikuwa amepita hapo miaka mitatu akitazama juu, kwenye kuta.

“Nkambo Kapinga,” alisema Mama Philomène, akisugua lake. “Bwana yake alitoka Kasai, akamuletea hii kutoka mu mine, mu machimbo ya shaba, siku alianza kuuzisha mihogo. Kisha Ngalula, mama yangu. Kisha minye.” Akajigusa kifua.

Hakuishia hapo. Bila kugeuza kichwa aliendelea kwa majirani: nani alikaa wapi, nani alimwachia nani, aliuza nini. Nafasi arobaini. Hadassa alifungua daftari; hakuna hata jina moja kati ya hayo lililokuwa kwenye kurasa zake sitini.

“Picha, Hadassa,” Cédrick alinong’ona. “Ijumaa ni kesho kutwa.”

Hadassa akafunga daftari, akawageukia wote.

“Ijumaa sitapeleka kazi. Diploma itangoja mwaka ujao. Naandika upya, kuanzia libwe ya Kapinga.”