Kola Iliyogeuzwa

Ngazi zilikuwa thelathini na mbili kutoka mlangoni hadi barabarani, na mume wa Mama Cherehani hakuwa amezishuka tangu kiharusi kilipomwachia mguu mmoja. Mwaka na nusu, seremala aliyezoea kelele za watu alikuwa akitazama ukuta. Ndiyo maana nyumba ilikuwa inauzwa: wapate nyingine, hata iwe ndogo namna gani, mradi mlango wake ufungukie barabarani, mzee atoe kiti nje awaone wapita njia.

Walikuja madalali watatu. Wa kwanza alisifu kila kitu, hata dari iliyooza, kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Wa pili alizunguka vyumba vyote bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Wa tatu alivua viatu bila kuambiwa, akamwamkia mzee kwanza, kisha akaweka kiganja kwenye ukuta wa jikoni.

"Mama, hapa pana unyevu," alisema. "Wanunuzi tutawaambia. Mimi sifichi."

Lakini kilichomteka Mama Cherehani hasa ni shati. Kola ilikuwa imechakaa, ikafumuliwa, ikageuzwa, ikashonwa upya kwa mkono. Yeye alikuwa ameshona miaka arobaini. Watu aliwasoma kwa nguo zao, na hakuna aliyewahi kumtoa katika imani hiyo. Tapeli hununua shati jipya, alijiambia. Anayegeuza kola katoka kwenye nyumba yenye staha.

Jirani yao, karani mstaafu asiyejua kunyamaza, alimsihi aombe majina ya watu watatu ambao dalali huyo aliwahi kuwauzia nyumba, awapigie simu. Tena asisaini karatasi ya kujifunga kwa dalali mmoja. Ushauri mzuri, na wa bure. Mama Cherehani aliona haya kumhoji mtu mstaarabu namna ile. Alisaini miezi sita, na juu ya hayo, jamani, akamweleza yote: ugonjwa, ngazi, na haraka waliyokuwa nayo. Alimpa kisu, akamwonyesha na pa kukata.

Wanunuzi walikuja wachache, wakaondoka upesi, maana dalali aliwasimulia habari ya unyevu kabla hawajavuka kizingiti. Kila mmoja alipoondoka, dalali alipiga simu kwa sauti ya msiba, akashauri bei ishuke kidogo. Ikashuka mara tatu. Mwezi wa sita akamleta mnunuzi mpole aliyetaka ishuke mara ya nne. Maji yalikuwa yamezidi unga. Mama Cherehani alikubali.

Kwa wakili, alisaini yeye kwanza. Mnunuzi alipoinama kutia sahihi yake, kola yake ikaja mbele ya macho. Ilikuwa imegeuzwa. Mishono midogo iliyolalia kushoto, ya mtu ashonaye kwa mkono wa kushoto, na mwishoni mafundo mawili yaliyobanana. Mama Cherehani akamgeukia dalali. Mishono ile ile, mafundo yale yale.

"Nani kakushonea?" aliuliza.

"Mke wangu," mnunuzi alijibu kwa fahari. "Hata huyu shemeji yangu, mashati yake yote anashonewa na dada yake."

Dalali alianza kutafuta kitu mfukoni. Wakili aligonga muhuri, akasema bila ubaya kwamba undugu si kosa, na bei mama ameikubali mwenyewe. Kilichomuuma Mama Cherehani zaidi ni kwamba mshono ulikuwa mzuri kweli.

Pesa ile haikutosha nyumba yoyote iliyogusa barabara. Iliyotosha ilikuwa moja tu, vyumba viwili katika ghorofa ya tatu. Alikwenda kuiona akitokea kwa wakili, akapanda akihesabu.

Nyumbani alimkuta mzee amenyolewa na karani, amevaa viatu vyake vya kutokea.

"Kiti nimekikaza miguu," alisema kwa ulimi wake mzito. "Tukifika, utakiweka upande wenye kivuli."

Mama Cherehani alipiga magoti mbele yake, akaanza kufungua kamba za viatu. Mzee alimtazama utosini.

"Huko nako kuna ngazi?"

"Hamsini na nne," alisema, akamvua kiatu cha kwanza.