Mstari Mtupu kwenye Cheti cha Saa

Yule muuguzi mstaafu alikuwa na kabati zima la saa za mkono za zamani, kila moja ndani ya boksi lake lililotoka nalo kiwandani, na cheti chake cha dhamana kimekunjwa vizuri chini yake. Wanawe walimtania kwamba wenzake wanakusanya wajukuu, yeye anakusanya maboksi.

"Maboksi hayaniombi soda," aliwajibu.

Siku hiyo mwanawe wa kwanza aliingia na mgeni, mfanyabiashara wa saa kongwe, mwenye glavu nyeupe na lenzi ya kubana jichoni.

"Mama, huyu bwana anachukua ile ya kwanza tu. Nimeshamwahidi."

Ameshamwahidi! Kana kwamba mama naye ni kabati, unalifungua na kuchota utakacho. Hasira zilimpanda. Lakini boksi alilileta, maana, tuseme kweli, alikuwa na hamu ya kusikia saa yake ikisifiwa na mtu anayejua saa.

Ilikuwa saa ya kiume, pana, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akaivaa wodini hadi alipostaafu, akihesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Mgeni hakuijali mikwaruzo. Alipokunjua cheti ndipo macho yalipomtoka.

"Mhuri wa duka upo, namba ipo, na jina la mnunuzi halijaandikwa! Mama, vyeti vya namna hii havipatikani. Mteja wangu ataandika jina lake hapa, iwe kama aliinunua yeye. Lakini kwa nini hawakuandika?"

Mama alikumbuka vizuri sana. Muuza duka alishika kalamu, akamtazama juu mpaka chini, akaiweka. "Binti, mstari huu tumwachie mwenye saa. Mumeo akija tutamwandika." Mume hakuwa naye. Aliona haya kugombana mbele za watu, akalipa, akaondoka, na neno lile likamkaa rohoni miaka yote. Leo huyu naye anaitafutia saa yake mmiliki mwingine!

"Mwanangu, hebu nipe hiyo kalamu yako."

Mwana alidhani ni ya kutia saini mauzo, akaitoa mfukoni huku akitabasamu. Mama akavaa miwani, akakilaza cheti mezani, akaandika jina lake na la baba yake, taratibu, kwa mwandiko ule ule wa kwenye kadi za wagonjwa.

"Mama, umeiua!" Mgeni aliruka kitini. "Sasa nani ataitaka?"

"Mwenyewe ameshakuja."

Akaitia saa ufunguo, akaivaa. Mwanawe alikuwa bado amesimama. Mama akamshika kifundo cha mkono, akabonyeza vidole viwili panapostahili na kuukazia macho ule mshale mwekundu.

"Moyo wako unakwenda mbio mno, baba. Kaa chini, unywe maji. Mgeni wako anaondoka."