Sipo, Mwalimu

Kidato cha tatu, mwalimu wetu wa darasa alikuwa anaita mahudhurio kwa namba. Mimi nilikuwa namba kumi na saba. Tangu baba ahame nyumbani, nilikuwa kama mtu aliyelala chini ya maji: sauti za watu nazisikia, ila zinanifikia zimelowa. Usiku silali, mchana nasinzia, chakula hakina ladha. Mama akasema ni uvivu. Wenzangu wakanipachika jina, Blanketi.

Asubuhi moja vumbi la chaki lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na mimi naelea nalo, taratibu, kuelekea darini.

"Kumi na saba!"

"Sipo, mwalimu."

Naapa sikuwa natania, ndivyo ilivyonitoka. Darasa zima likavunjika mbavu.

"Mwalimu, mkunjue huyo Blanketi!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Nikasubiri fimbo. Mwalimu hakucheka. Akaweka kalamu chini, akaja mpaka kwenye dawati langu, akachuchumaa.

"Hupo tangu lini, mwanangu?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Tangu baba aondoke," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka mbele ya wote.

Akanipeleka mwenyewe kwa mshauri wa wanafunzi, na mama akaitwa. Kwenye daftari la mahudhurio aliacha nafasi yangu wazi. Kila asubuhi aliniita, akasubiri kidogo, akaendelea na kumi na nane.

Siku niliyojibu "Nipo," likizo ilikuwa imekaribia. Sauti yangu niliisikia imetoka majini, kavu kabisa.